Ushirikiano wa kimataifa wa vyama vya watu wenye ulemavu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya viongozi na wanachama wa vyama vya watu wenye ulemavu, pamoja na mashirika yanayotaka kufanya nao kazi nje ya mipaka ya nchi zao. Swali la fedha ndilo huulizwa kwanza. Tumelisogeza chini kidogo kwa makusudi, maana chama kisichojua kinataka nini huishia kulipwa kufanya anachotaka mwingine.

Chama chetu ni kidogo na kazi za nyumbani zimetuzidi. Ushirikiano wa kimataifa utatufaa nini?

Si kila chama kinauhitaji leo, na hakuna aibu kusema "bado". Lakini yapo mambo ambayo nchi moja haiwezi kuyamaliza peke yake. Programu ya simu hutengenezwa mahali pamoja ikatumiwa na dunia nzima. Kama aliyeitengeneza hakumfikiria mtu asiyeona, malalamiko ya chama kimoja hayafiki mbali. Masharti ya kusafiri na kiti mwendo kwenye ndege, viwango vya tovuti, masharti ya mikopo ya benki za maendeleo, yote huamuliwa kwenye vikao ambavyo chama cha wilaya hakialikwi, ila shirikisho lake la dunia linaweza kuwa na kiti.

Pia kuna nguvu ya wingi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba watu wenye ulemavu mkubwa ni bilioni 1.3, yaani mtu mmoja kati ya kila sita. Kundi la ukubwa huo likisema kwa sauti moja husikika. Likisema vipande vipande, kila serikali hulijibu kwamba bajeti haitoshi.

Kwa nini mnasisitiza sana suala la nani anaongoza shirika?

Kwa sababu harakati hizi zilizaliwa kutokana na ugomvi juu ya jambo hilohilo. Mwaka 1980, mjini Winnipeg, Kanada, lilifanyika kongamano la dunia la Rehabilitation International, shirika lililokuwa likiongozwa zaidi na madaktari na wataalamu wa utengemao, yaani huduma za kumrudishia mtu uwezo wake. Wajumbe wenye ulemavu waliomba nusu ya wawakilishi wa kila nchi wawe watu wenye ulemavu wenyewe. Ombi likakataliwa. Wakafanya mkutano wao pembeni, wakaamua kuanzisha shirika lao, na mwaka uliofuata Disabled Peoples' International ikafanya kongamano lake la kwanza Singapore. Viziwi walikuwa wametangulia zamani, maana Shirikisho la Viziwi Duniani liliundwa Roma mwaka 1951. Umoja wa Wasioona Duniani ukafuata mwaka 1984. Tangu 1999 mashirikisho ya namna hii yana muungano wao, International Disability Alliance, unaojulikana kwa kifupi kama IDA.

Leo tofauti hiyo imo katika tafsiri rasmi ya sheria. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Watu wenye Ulemavu, katika maoni yake ya jumla namba 7 ya mwaka 2018, inasema vyama vinavyostahili kuitwa vya watu wenye ulemavu ni vile vinavyoongozwa na kusimamiwa nao, na ambavyo wengi wa wanachama wake ni wao. Vyama vya wazazi na ndugu wa watu wenye ulemavu wa akili vinatambuliwa pia, ili mradi vinawasaidia wahusika kujisemea badala ya kuwasemea daima. Serikali ikitaka ushauri, vyama hivi ndivyo vya kusikilizwa kwanza. Shirika la hisani lenye ofisi nzuri na magari kumi linaweza kufanya kazi njema sana, lakini kiti hicho si chake.

Sheria ya kimataifa inasema nini hasa kuhusu kushirikiana?

Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa tarehe 13 Desemba 2006, ukaanza kutumika tarehe 3 Mei 2008. Siku ulipofunguliwa kutiwa saini, Machi 30, 2007, nchi 82 ziliusaini papo hapo. Vyama vyenyewe vilikuwa ndani ya chumba cha mazungumzo tangu mwanzo, jambo ambalo halikuwa la kawaida kwa mikataba ya aina hiyo.

Ibara ya 32 ndiyo inayozungumzia ushirikiano wa kimataifa. Inataka miradi ya maendeleo iwajumuishe watu wenye ulemavu na iweze kufikiwa nao, inataka nchi zibadilishane ujuzi na teknolojia, kisha inaweka tahadhari moja muhimu: kukosa msaada wa nje hakuiondolei nchi wajibu wake. Isomeni pamoja na Ibara ya 9 kuhusu ufikivu, yaani majengo, habari na huduma kuweza kutumiwa na watu wenye ulemavu, na Ibara ya 4, kifungu cha 3, kinachodai watu wenye ulemavu washauriwe kupitia vyama vyao. Tatu hizi zikiwekwa mezani pamoja, mfadhili hawezi kusema ujumuishi ni hiari yake. Akijenga shule kwa fedha za umma wa nchi iliyoridhia mkataba, na mtoto anayetumia kiti mwendo asiweze kuingia darasani, amekiuka wajibu, hata kama shule hiyo ilitolewa kama zawadi.

Je, Afrika ina sheria yake?

Ndiyo. Itifaki ya Umoja wa Afrika kuhusu haki za watu wenye ulemavu ilipitishwa Januari 2018 na kuanza kutumika mwaka 2024, baada ya kufikisha nchi 15 zilizoiridhia. Inagusa mambo ambayo mkataba wa dunia haukuyataja waziwazi, kama mila zenye madhara na mauaji ya watu wenye ualbino yanayotokana na imani za kishirikina. Kama nchi yenu haijaridhia, hiyo peke yake ni ajenda tosha ya kushirikiana na vyama vya nchi zilizokwisha kuridhia: waulizeni walimshawishi nani, na kwa hoja gani.

Serikali yetu imeridhia mkataba lakini hatuoni mabadiliko. Wa nje watatusaidiaje?

Kila nchi mwanachama hupeleka ripoti kwa Kamati yenye wataalamu 18, inayokutana Geneva. Ripoti ya serikali, kama mjuavyo, husifu. Vyama vinaruhusiwa kupeleka ripoti mbadala, na hapo ndipo mtandao wa kimataifa unapoonyesha thamani yake, kwa kuwa IDA na mashirikisho wanachama yamesaidia vyama vya nchi nyingi kuandaa ripoti hizo na kuzungumza na wajumbe wa Kamati.

Ripoti nzuri si ndefu. Inataja ibara, inaeleza kinachotokea kwa ushahidi, kisha inapendekeza sentensi ambayo mjumbe wa Kamati anaweza kuichukua ilivyo. "Hali ya elimu ni mbaya" haimsaidii mtu. "Sheria ya elimu inamruhusu mkuu wa shule kumkataa mtoto kwa sababu ya ulemavu, kifungu hiki kifutwe" inamsaidia. Vyama vya nchi moja vikipeleka ripoti tano zinazopingana, serikali ndiyo inayofurahi. Unganeni kwanza.

Kamati ina foleni ndefu, hivyo msitarajie nchi yenu iitwe mwaka kesho. Ipo pia itifaki ya hiari inayomruhusu mtu mmojammoja kulalamika baada ya kumaliza njia za mahakama za nchini, lakini inazihusu nchi zilizoikubali tu.

Tunapataje wabia au kujiunga na mitandao hiyo?

Mara nyingi mlango uko nyumbani. Mashirikisho ya dunia kwa kawaida hupokea chama cha kitaifa, na chama chenu huingia kupitia kwake. Kabla ya kuandika barua Ulaya, angalieni kama shirikisho lenu la taifa tayari ni mwanachama na kama limelipa ada yake. Mitandao ya kikanda nayo husahaulika, ilhali vyama vya nchi zinazofanana kwa sheria na uchumi hufundishana haraka kuliko vya nchi zilizo mbali kwa hali.

Tutajuaje kama mbia anatuhitaji kweli au anahitaji jina letu tu?

Barua ya kuunga mkono andiko la mradi, inayoombwa siku mbili kabla ya dirisha la maombi kufungwa, si ubia. Hiyo ni saini, na saini ina bei.

Ulizeni mapema nani aliandika andiko na kama mnaweza kuona bajeti yote, si ukurasa wenu tu. Ulizeni nani ataajiri mratibu na kompyuta zitabaki kwa nani mradi ukiisha. Tazameni mgawanyo wa kazi. Kama wao wanafanya utafiti, wanaandika ripoti na kuhutubia mikutanoni, na ninyi kazi yenu ni "kuhamasisha jamii" na kutafuta watu wa kupigwa picha, jibu mmelipata. Mbia wa kweli atawalipa muda wenu kama anavyomlipa mshauri mwingine yeyote. Ujuzi wa kuishi na ulemavu kwa miaka thelathini ni utaalamu, haulipwi kwa chai na nauli.

Kukataa kunaruhusiwa. Kuna vyama vilivyokataa fedha na heshima yao ikaongezeka, ingawa nakiri ni rahisi kuyasema haya kwa mtu asiyedaiwa kodi ya ofisi.

Fedha zinatoka wapi, na tuweke kiasi gani kwa ajili ya ufikivu?

Ipo mifuko michache iliyoundwa mahsusi. Disability Rights Fund imekuwa ikitoa ruzuku kwa vyama vinavyoongozwa na watu wenye ulemavu tangu 2008, katika nchi inazozichagua. Umoja wa Mataifa una mfuko wake wa pamoja ulioanzishwa mwaka 2011, unaopitia mashirika yake nchini, kwa hiyo chama hushiriki kama mbia. Kilicho kikubwa zaidi, lakini kigumu kukifikia, ni fedha za kawaida za maendeleo: barabara, afya, elimu. Katika mkutano wa dunia wa ulemavu uliofanyika Berlin Aprili 2025, ukiandaliwa na Ujerumani, Jordan na IDA, lilitolewa azimio linalotaka angalau asilimia 15 ya programu za maendeleo za kimataifa katika ngazi ya nchi ziwe na ujumuishi wa watu wenye ulemavu miongoni mwa malengo yake. Ni ahadi, si sheria. Lakini balozi wa nchi iliyoikubali anaweza kuulizwa hadharani amefikia wapi.

Kuhusu kiasi, miongozo ya kazi za dharura hukadiria nyongeza ya asilimia 0.5 hadi 1 kwa ufikivu wa majengo na vyoo, iwapo umepangwa tangu mwanzo. Kubomoa ngazi zilizokwisha jengwa ni hesabu nyingine kabisa. Wakalimani, wasaidizi binafsi na uchapaji wa nukta nundu viwe na mistari yao kwenye bajeti, kila kimoja peke yake. Vikifichwa chini ya "mengineyo" ndivyo vya kwanza kufyekwa.

Tunaandaa mkutano wa kimataifa. Ufikivu unahusu nini zaidi ya ngazi na milango?

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo nia njema huharibika.

Anzeni na fomu ya usajili. Iulize kila mshiriki anahitaji nini, na iulize mapema kiasi cha kuweza kutekeleza. Mshiriki anayetumia kiti mwendo cha umeme lazima aliarifu shirika la ndege angalau saa 48 kabla kuhusu aina ya betri, uzito na vipimo vya kiti. Msaidizi wake binafsi ni sehemu ya safari: tiketi yake, viza yake na chumba chake hulipwa na mwandaaji. Nendeni wenyewe kuiona hoteli mkiwa na futi ya kupimia, maana mapokezi husema "ndiyo, tunafikika" wakimaanisha kuna lifti. Bafu lenye kizingiti cha sentimita kumi hawakulihesabu.

Kwa viziwi, kila lugha ya alama inahitaji wakalimani wawili kwa zamu, wakibadilishana kila baada ya dakika 15 hadi 20. Akiachwa mmoja siku nzima, kufikia mchana tafsiri imeshalegea na wa kwanza kupata hasara ni kiziwi. Alama za kimataifa hutumika sana kwenye mikutano hii, ila zinawafaa waliozoea kukutana na viziwi wa nchi nyingine. Anayesafiri mara ya kwanza huenda asielewe nusu, hivyo aje na mkalimani wa lugha yake mwenyewe. Maandishi ya papo kwa papo kwenye skrini huwasaidia wenye usikivu hafifu na, kwa kweli, kila mtu asiyeielewa vizuri lafudhi ya msemaji.

Viziwi wasioona husahaulika kuliko wote. Mkalimani wao huwasiliana kwa kugusa mikono, huwaongoza njia na kuwaeleza kinachoendelea ukumbini. Kazi hiyo inachosha mno, hivyo wawe wawili kwa mshiriki mmoja.

Nyaraka zitumwe kabla, katika faili ambalo programu ya kusoma skrini, ile inayomsomea asiyeona kwa sauti, inaweza kulisoma. Picha ya karatasi iliyoskaniwa haisomeki. Kwa washiriki wenye ulemavu wa akili, andaeni toleo la lugha rahisi lenye sentensi fupi na picha, na kabla ya kulitoa lijaribiwe na wenyewe. Ratiba iwe na mapumziko marefu. Chumba tulivu cha kujipumzisha hakigharimu kitu, na anayekihitaji hatalazimika kujieleza.

Na mkutano wa mtandaoni?

Ni nafuu lakini si rahisi kihivyo. Unapoonyesha skrini yako, kwa asiyeona hiyo ni picha bubu, basi msomee kilichopo. Ujumbe wa kuchati husomwa na programu yake juu ya sauti ya msemaji, kwa hiyo gumzo la pembeni ni kelele masikioni mwake. Mkalimani wa lugha ya alama abandikwe aonekane muda wote. Kila anayezungumza ataje jina lake kwanza. Mwenye intaneti dhaifu apewe nambari ya kupiga kwa simu ya kawaida.

Tovuti yetu ifuate viwango gani?

Vipo viwango vya kimataifa vinavyoitwa WCAG. Toleo la kwanza lilitoka 1999, na toleo la 2.2 lilitoka Oktoba 2023. Lengeni daraja AA, la kati katika madaraja yake matatu. Hilo linadai, kati ya mengine, picha ziwe na maelezo, kila kitu kifanyike kwa kibodi bila kipanya, na maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1.

Msinunue vile vitufe vya kubandika vinavyodai kuifanya tovuti ifikike kwa usiku mmoja. Watumiaji wengi wasioona wamevilalamikia kwamba huwazuia badala ya kuwasaidia. Ni heri mumlipe mwanachama asiyeona aijaribu tovuti kwa NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini iliyoanzishwa na vijana wawili wasioona wa Australia mwaka 2006. Tangu Juni 28, 2025, sheria ya ufikivu ya Umoja wa Ulaya inazibana pia kampuni za nje zinazouza huko bidhaa kama simu, kompyuta na visoma vitabu. Kampuni ikiwaambia haiwezekani, waulizeni wanaowauzia Wazungu wanafanyaje.

Je, tunaweza kupokea vitabu vya nukta nundu au vya sauti kutoka nchi nyingine?

Ndiyo, kama nchi zote mbili zimo katika Mkataba wa Marrakesh, uliopitishwa Juni 27, 2013 na kuanza kutumika Septemba 30, 2016. Kabla yake, maktaba za wasioona za nchi mbili zenye lugha moja zilikuwa zikichapa kitabu kilekile kila moja kivyake, kwa sababu hakimiliki haikuruhusu nakala kuvuka mpaka. Umoja wa Wasioona Duniani uliupigania miaka mingi. Mwanamuziki Stevie Wonder, naye asiyeona, aliwaahidi wajumbe tumbuizo wakifikia makubaliano, na alikwenda Marrakesh kulitimiza. Wanaofaidika si wasioona pekee. Yumo pia anayeshindwa kusoma kwa sababu nyingine na asiyeweza kushika kitabu.

Tumeahidiwa kontena la viti mwendo vilivyotumika. Tupokee?

Ulizeni kwanza nani atawapima watu na nani atavitengeneza. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2008 unaosisitiza kwamba kiti ni huduma nzima: kumpima mtu, kumrekebishia, kumfundisha, kumfuatilia. Kiti kisichomfaa mtu aliyeumia uti wa mgongo humletea vidonda vya mgandamizo, na vidonda hivyo huua. Kama tairi zake hazipatikani sokoni kwenu, kitakaa miezi michache kisha kiwe chuma chakavu. Kataeni kwa adabu, au ombeni fedha za karakana.

Mfadhili anataka takwimu. Tuwahesabu vipi watu?

Tumieni maswali sita mafupi ya Kundi la Washington, kundi la wataalamu wa takwimu za ulemavu chini ya Umoja wa Mataifa, yanayokubalika kimataifa. Hayamuulizi mtu kama ana ulemavu, maana wengi watakana kwa aibu au kwa kutojiona hivyo. Yanauliza ugumu wa kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia na kuwasiliana, kwa majibu manne kuanzia "hapana" hadi "siwezi kabisa". Anayejibu "ugumu mkubwa" au zaidi katika swali lolote anahesabiwa. Udhaifu wake ni kwamba hayawanasi vizuri wenye changamoto za afya ya akili, na kwa watoto kuna maswali mengine.

Ndani ya harakati zenyewe, kila mtu anasikika?

Hapana. Mwaka 2017 na 2018, Kamati ileile ya wataalamu 18 ilikuwa na mwanamke mmoja tu. Vyama vilipiga kelele, na katika uchaguzi wa 2018 sita kati ya tisa waliochaguliwa walikuwa wanawake. Wenye ulemavu wa akili, viziwi wasioona na wenye ulemavu wa kisaikolojia bado huwakilishwa na wengine mara nyingi. Mkiombwa kutuma mjumbe mmoja, angalieni ni nani ametumwa mara tano zilizopita.

Hatuzungumzi Kiingereza vizuri. Tutashirikije?

Waambieni wabia tangu kikao cha kwanza kwamba ukalimani na tafsiri ni gharama ya mradi, kama wanavyokubali wakalimani wa lugha ya alama. Ripoti kwa Kamati ipelekwe katika mojawapo ya lugha zake za kazi, kwa hiyo mtahitaji mfasiri; mkabidhini rasimu wiki tatu kabla, na mmoja wenu anayeijua lugha hiyo aipitie kabla haijatumwa.